Kiwanda Kimefungwa, Udongo Nani Atausafisha?

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa na ndugu mmoja wa reli mbele ya wafanya kazi wa bandari, mabaharia, wavuvi na mafundi, katika mkutano wa Mokowe, Lamu. Tumeyapiga chapa kwa kuwa wanachama wengi wa visiwani hawakuweza kuvuka siku ile.)



Najua wako waliouliza, mtu wa reli ana habari gani kwa watu wa Lamu, ambao reli yao ingali katika karatasi? Swali hilo ni la haki. Lakini kazi yangu mimi ni betri za mabehewa, zile za kuwashia taa, na chama kiliponiagiza nizungumze juu ya hatari kazini, nikaona heri nizungumze juu ya kitu ninachokishika kila siku. Kitu hicho ni risasi. Sisemi risasi ya bunduki. Nasema madini yale mazito, laini, ya rangi ya kijivu, ambayo ninyi wavuvi mwayajua kwa ajili ya chubwi za nyavu zenu.

Habari nitakayoieleza ilitukia Mombasa. Upande wa Jomvu, karibu na Mikindani, pana mtaa uitwao Owino Uhuru. Wakazi wake wapata 3,000, watu wa kipato kidogo, vibarua na wachuuzi. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi pale pale ubavuni mwa mtaa, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Jina lake katika kesi ni Metal Refinery (EPZ) Limited. Hizo herufi tatu ni za vile viwanda vinavyopewa nafuu ya kodi na serikali ili viuze mali nchi za nje.

Kwa wale wasiojua kazi hiyo, nitaieleza upesi. Betri ya gari ukiipima, zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Hupasuliwa, maji yake makali humwagwa, mabamba ya risasi na ule unga wake hutolewa na kutiwa katika tanuru. Risasi huyeyuka, ikamiminwa kuwa mikate, ikapelekwa melini. Kinachobaki ni vitu vitatu. Kwanza ni moshi, ambao huruka na kutua juu ya mabati, nguo zilizoanikwa na sufuria za watu. Pili ni maji ya kuoshea, ambayo kama hakuna shimo la kuyashika hupita katika mfereji kati ya nyumba. Tatu ni mavi ya chuma, yale magumu meusi yatokayo tanuruni, nayo yana risasi ndani yake bado. Vyote vitatu, mwisho wake ni udongoni.

Watu wa Owino Uhuru walianza kulalamika. Moshi uliwachoma macho na koo, kuku walikufa, watoto waliumwa, akina mama waliharibikiwa na mimba. Baadhi ya wakazi hao walikuwa wakifanya kazi mle mle kiwandani, basi mtu akilalamika huambiwa na jirani yake, “Ndugu, wataka watufunge, tule nini?” Nawaomba mliweke neno hilo moyoni, maana nitalirudia.

Mwaka 2009 kiwanda kilimwajiri bibi mmoja, Phyllis Omido, awe mwangalizi wa mambo baina ya kiwanda na wakazi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kushughulikia taarifa ya mazingira. Yeye pamoja na wataalamu waliona ya kwamba mahali pale hapafai, wakashauri kiwanda kihamishwe. Ushauri haukukubaliwa, naye akapewa kazi nyingine. Baadaye mtoto wake mchanga akaugua sana, na damu yake ilipopimwa ikaonekana ina risasi. Mama yake hakuwa akimchukua tanuruni. Alikuwa akimnyonyesha tu.

Akaacha kazi, akaanza kwenda kwa wakazi nyumba kwa nyumba, na pamoja na wenzake wakaanzisha shirika la kutetea haki na mazingira. Mwaka 2012 alikamatwa, akashitakiwa kwa uchochezi, na mahakama ikamwachilia. Mwaka 2014 kiwanda kilifungwa. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman kule Marekani, tuzo kubwa ya watu wanaotetea mazingira. Magazeti yaliandika sana juu ya tuzo hiyo, nami nilifurahi kama wengine, lakini leo nataka kuzungumza juu ya jambo ambalo magazeti hayakulipenda sana, nalo ni udongo.

Kiwanda kikifungwa, mwenye mali huondoa mashine. Mlinzi huondoka mshahara wake ukikoma. Mabati, vyuma na matofali ya tanuru, kama hapana wa kuvizuia, huchukuliwa kidogo kidogo, tofali moja likawa figa la mtu, bati moja likawa paa la choo. Sote hufikiri ya kwamba hatari imekwisha kwa sababu moshi umekwisha. Lakini risasi haiozi, wala haichakai kama chuma kinavyoliwa na kutu mpaka kikaisha. Iliyoanguka mwaka 2007 ipo pale pale mpaka mtu aje na sepeto aiondoe. Jua likikausha, upepo huinua vumbi. Mtoto hucheza chini, hutia kidole kinywani. Hiyo ndiyo njia yake kubwa.

Na ikiingia mwilini haina kazi yoyote ya kufanya humo ila kuharibu. Shirika la Afya la Ulimwengu lasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa ni salama. Kwa mtoto mdogo huharibu ubongo unaokua, akawa mzito wa kujifunza, mwepesi wa hasira, na ikizidi humpa kifafa na kumwua. Kwa mtu mzima huleta maumivu ya tumbo, upungufu wa damu, maradhi ya figo na shinikizo la damu. Sehemu kubwa hujificha mifupani miaka mingi, na mama akichukua mimba hutoka tena mifupani ikaingia katika damu ya yule aliye tumboni. Kwa hiyo msichana aliyecheza katika vumbi lile aweza kumrithisha mtoto wake baada ya miaka ishirini.

Wakazi walikwenda mahakamani mwaka 2016. Tarehe 16 Julai, 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikatoa hukumu. Walipwe shilingi bilioni 1.3. Na zaidi ya hayo, wale walioshitakiwa wasafishe udongo, maji na takataka za mahali pale katika muda wa miezi 4, ama watoe shilingi milioni 700 za kazi hiyo. Tazameni mwaka. Kiwanda kilifungwa 2014, na miaka 6 baadaye Jaji alikuwa bado ana uchafu wa kuamuru uondolewe.

Tazameni pia nani alitakiwa kulipa. Kiwanda chenyewe kilibebeshwa asilimia 25. Mamlaka ya Mazingira, yaani NEMA, ilibebeshwa 40, na sehemu kubwa ya iliyobaki ikawa juu ya wizara mbili na mamlaka ya hizo EPZ. Maana yake, waliotoa ruhusa na kufumba macho walionekana na lawama zaidi ya yule aliyewasha tanuru. Mimi nasema hukumu ile ilikuwa ya akili. Lakini fedha za serikali ni fedha zetu, kwa hiyo mlipa kodi alichafuliwa kwanza, kisha akatakiwa kulipia sabuni.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitengua ile fidia, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Tangu kufungwa mpaka hukumu hiyo ya mwisho ni miaka 10. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kufungwa, ambaye hakuuona moshi hata siku moja, wakati huo alikuwa amekwisha kupita nusu ya shule ya msingi, na udongo aliochezea ni ule ule.

Sasa mtaniuliza, hivi udongo husafishwaje? Si nguo, huwezi kuufua. Nitawaeleza, kwa sababu hii ni kazi, tena kazi ya mikono, nasi ni watu wa mikono.

Mfano mzuri nilioupata ni wa Zamfara, kaskazini ya Nigeria. Mwaka 2010 iligunduliwa ya kwamba watoto wa vijiji kadha walikuwa wakifa kwa risasi, kwa kuwa wazee wao walisaga mawe ya dhahabu majumbani, na mawe yale yalikuwa na risasi. Walikufa watoto zaidi ya 400. Waganga wa lile shirika la Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa na dawa ya kuitoa risasi katika damu, lakini walisema dawa itatolewa kwa watoto wa nyumba zilizokwisha kusafishwa. Wengine waliona ni ukatili. Wala si ukatili. Ukimpa mtoto dawa kisha ukamrudisha katika uwanja ule ule, ni sawa na kuchota maji katika mashua bila kuziba tundu.

Basi wanakijiji wenyewe waliajiriwa, wakafundishwa, wakapewa mavazi na vyombo vya kawaida, majembe na sepeto. Kwanza udongo hupimwa. Kuna kifaa cha mkononi, umbo lake mfano wa bastola, ukikielekeza chini husoma risasi iliyomo papo hapo, na hivyo hujulikana uwanja upi ni mchafu na upi ni salama. Kisha tabaka la juu, kadiri ya sentimita 5 au zaidi kulingana na kipimo, hukwanguliwa na kutiwa magunia. Hukwanguliwa ukiwa umerashiwa maji, kwa maana ukiuchimba mkavu unalitawanya lile lile unalotaka kuliondoa. Magunia huzikwa katika shimo lililochaguliwa mbali na maji, likafunikwa na kuwekwa alama. Kisha uwanja humwagiwa udongo safi, na ndani ya nyumba vumbi huondolewa. Mwisho hupimwa tena. Bila kipimo cha mwisho, kazi haijakwisha, hata kama pameonekana pazuri.

Mahali pa kiwanda ni pagumu kuliko uwanja wa kijiji. Pana tanuru lenyewe, pana mavi ya chuma, pana mabati yaliyolowa vumbi miaka saba, pana sakafu iliyokunywa maji ya betri. Shimo la kuzikia hapo lataka kutandikwa udongo wa mfinyanzi na turubali nene la plastiki chini, ili mvua isishushe sumu katika visima. Mahali pasipowezekana kuchimbwa hufunikwa kwa saruji. Yote hayo yawezekana, na yamefanywa duniani. Hayahitaji muujiza. Yanahitaji fedha, na mtu wa kusimama juu yake.

Na hapa ndipo chama kinapoingia. Kazi ya kusafisha ikitangazwa, atakayeitwa ni kibarua. Atapewa sepeto, pengine na kitambaa cha kufunga puani, ataambiwa achimbe. Kitambaa hakizuii vumbi la risasi. Huyo kibarua ana haki ya kupata kifuniko cha pua kilicho cha kweli, glavu, viatu, nguo za kazi zinazobaki kazini na kufuliwa huko huko, mahali pa kuogea kabla ya kwenda nyumbani, na damu yake ipimwe kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Asile wala asivute sigara katika eneo. Nilipata kufanya kazi zamani katika karakana moja, sitaitaja, ambako bomba la kunawia lilikuwa hatua mia mbili kutoka chumba cha betri, na saa ya kula ilikuwa dakika thelathini. Basi watu walikula na mikono yao kama ilivyo. Bomba jipya lilipatikana kwa barua tatu za wawakilishi wa wafanya kazi, na bei yake haikufika mshahara wa mtu mmoja kwa mwezi.

Nguo nazitilia mkazo sana. Mfanya kazi wa risasi asipobadili nguo huwa yeye ndiye moshi unaokwenda mpaka kitandani mwa mtoto wake. Hata kama anakaa mbali na kiwanda.

Sasa turudi hapa kwenu. Lamu ina bandari, gati la kwanza lilianza kazi Mei 2021, na maneno ya viwanda vitakavyoifuata ni mengi. Ninyi mnakumbuka kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, megawati 1,050. Tarehe 26 Juni, 2019, Baraza la Rufaa la Mazingira lilifuta kibali chake, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa kama sheria inavyotaka. Najua jambo hilo liliwagawa watu wa hapa, hata baina ya ndugu. Wako waliotaka kazi, na wako waliohofia bahari. Sikuja kuwaamulia. Mimi ni mfanya kazi, siwezi kumcheka mtu anayetaka kazi. Lakini majivu ya makaa yana risasi, zebaki na aseniki, nayo hubaki milima kwa milima baada ya umeme kwisha kutumiwa. Swali la nani atayalinda majivu hayo mwaka wa hamsini si swali la adui wa kazi. Ni swali ambalo jirani wa Owino Uhuru aliyesema “tule nini” angepaswa kuliuliza siku ya kwanza, naye hakuliuliza kwa sababu hapakuwa na chama cha kumwuliza pamoja.

Tena Lamu si Mombasa. Ardhi yenu ni mchanga. Maji ya mji wa Amu hutoka katika visima vya chini ya matuta ya Shela, maji matamu yaliyokaa juu ya maji ya chumvi. Kinachomwagwa juu ya mchanga hakikawii kushuka. Na hebu fikirini kazi ya kuondoa udongo mchafu kisiwani, katika vichochoro ambavyo gari halipiti. Magunia yale yatabebwa na punda mpaka forodhani, yapakiwe mashuani, yavushwe. Sijui punda wangetaka chama chao. (Watu walicheka.) Nasema hivi ili mwone ya kwamba kwenu kusafisha baadaye kutakuwa na gharama kubwa kuliko mahali pengine popote.

Sheria si adui wetu katika hili. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, yatoa haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 chasema mtu aweza kwenda mahakamani bila kuonyesha ya kwamba kuna aliyekwisha kuumia. Yaani si lazima mngojee maiti. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 yaruhusu wenye viwanda vya hatari watakiwe kuweka amana ya fedha, na yaruhusu amri ya kumlazimisha aliyechafua arudishe mahali kama palivyokuwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kamati ya usalama mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi, na yampa mfanya kazi ruhusa ya kujiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu baada ya kumwarifu msimamizi wake.

Kwa hiyo shauri langu kwa chama ni hili. Kiwanda chochote kikija kuandika watu hapa, tusizungumze mshahara peke yake. Katika mapatano tuandike udongo na maji vipimwe kabla ya jiwe la kwanza, na nakala ya vipimo ikae kwetu, maana bila kipimo cha mwanzo mwenye mali atasema uchafu aliukuta. Tudai fedha za kusafishia ziwekwe benki tangu mwanzo, asiweze kuzigusa mwenye kiwanda wala mkubwa yeyote mpaka siku ya kufunga. Milioni 700 zilitajwa na Jaji baada ya kiwanda kufungwa miaka 6. Zingekuwa zimewekwa mwaka 2007, wasingehitajika mawakili. Na tuandike ya kwamba wafanya kazi waliokuwamo ndio watakaopewa kwanza kazi ya kusafisha, kwa mshahara na kinga nilizozitaja. Mtu akijua kufunga kiwanda kuna miezi mingi ya kazi ya halali, hataogopa tena kusema kwamba bomba linavuja.

Kuna wanaosema masharti kama haya yatamfukuza mwenye mtaji. Pengine yatamfukuza mmoja. Mwenye hesabu safi ataweka fedha hizo katika bei yake kama anavyoweka bei ya saruji. Asiyeweza kulipia kusafisha anapanga kutuachia sisi, na huyo akienda sitamwandikia barua ya kumwomba arudi.

Nina jambo jingine dogo, na hili halihitaji mwekezaji. Siku hizi Pate, Faza, Kiunga na kwingineko kuna betri za sola na za boti kwa wingi. Zikifa hununuliwa na watu wa vyuma chakavu. Nawasihi msikubali zipasuliwe hapa na maji yake kumwagwa ili ziwe nyepesi kusafirisha. Ziende nzima, zimesimama wima. Na ninyi wavuvi mnaoyeyusha risasi ya betri kwa kutengeneza chubwi, hiyo ni Owino Uhuru ndogo uani mwenu. Kama ni lazima kuyeyusha, tumieni risasi safi iliyokwisha kuwa chubwi au bomba, wala si mabamba ya betri. Fanyeni ufukweni, upande upepo unakokwenda baharini, watoto na wajawazito wakiwa mbali. Sufuria hiyo isirudi jikoni kamwe. Majivu yasifagiliwe makavu.

Mwenyekiti anayo nakala ya vifungu vya sheria nilivyovitaja, kwa Kiswahili, kurasa nne, na nimeomba matawi ya Mokowe, Amu na Faza yapewe moja moja. Anayetaka mtoto wake apimwe damu kwa sababu nyumbani huyeyushwa risasi, aache jina kwa katibu kabla boti ya saa kumi haijaondoka, ili chama kipeleke orodha moja kwa mganga mkuu wa kaunti badala ya kila mtu kwenda peke yake. Sasa niko tayari kwa maswali.